Mashine Isiyopiga Hodi

Siku meneja aliponiambia kwamba naihujumu kambi, nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka chini kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu nilijijua: nikiendelea kukishika nitakirusha. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Lakini siku ile hasira ilichelewa njiani. Kilichotangulia ni mshangao, nikabaki nimemkodolea macho mtu mzima yule.

"Dada, ukiwepo inakatika," alisema. "Usipokuwepo inafanya kazi. Sasa wewe ungekuwa mimi ungefikiri nini?"

Alikuwa akizungumzia barua za kompyuta. Ilikuwa miaka ya tisini, inaelekea ukingoni, nasi tulikuwa kwenye kambi ya watafiti wa dhahabu huko porini upande wa Geita. Simu ya waya hatukuwa nayo. Tulikuwa na simu ya upepo, redio kubwa ya kuongelea, yenye maiki yake na waya mrefu wa antena uliotandazwa juu kati ya nguzo mbili. Mimi ndiye niliyekuwa opereta. Kila asubuhi niliita Mwanza na Dar es Salaam, nikapokea maagizo ya wakubwa, nikaagiza dizeli, vitunguu na vipuri vya mashine ya kuchoronga miamba. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wanangu wawili, waliokuwa wakisoma Shinyanga mjini na kulala kwa shangazi yao.

Chaneli haikuwa yetu peke yetu. Walikuwemo misheni ya Ushirombo, kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, na mfanyabiashara wa Kihindi wa Kahama ambaye kutwa alikuwa akiwasaka madereva wa malori yake. Watu wengi katika njia moja lazima wawe na adabu, na adabu yetu ilikuwa hii: hukurupuki hewani. Unafungua redio, unasikiliza kwanza kama kuna anayeongea, unasalimia stesheni zote, wanaitikia, ndipo unasema shida yako. Tuliita kuomba hewa. Aliyeingia bila kuomba hewa alisemwa wiki nzima, tena hadharani, na mwenye malori ndiye aliyeongoza.

Hata kompyuta ilipofika kambini mara ya kwanza, ilifuata adabu hiyo. Ilikuwa na kioo cheusi chenye maandishi meupe, nayo iliunganishwa na redio kupitia kisanduku kilichogeuza barua kuwa mlio. Mlio wenyewe ulikuwa wa kukera, kama paka wawili wanaogombana ndani ya debe. Lakini haukutoka mpaka nibonyeze mimi. Nilishika maiki nikasalimia kwa Kisukuma, mwangaluka stesheni zote, naomba hewa, natuma barua. Mwenye malori akajibu, haya mama, mwachie paka wako. Sista wa zahanati ya Ushirombo akasema amenipata. Kisha nikabonyeza, na chaneli nzima ikanyamaza kunisubiri.

Ushirombo ndiko alikokuwa baba yangu. Alikuwa seremala wa misheni tangu ujana, na sasa alikuwa amestaafu na kubaki peke yake baada ya mama kufariki. Asubuhi alikwenda kwenye chumba cha redio cha zahanati kwa kisingizio cha kukaza miguu ya viti, akakaa hapo mpaka asikie sauti yangu. Viti vile vilikazwa mpaka nadhani vilichoka. Sista alimpa maiki kidogo, nami nikasema shikamoo baba, naye akajibu, "Marahaba, mayu." Mayu ni mama, na ndivyo wazee wa kwetu wanavyowaita hata binti zao. Hakuwa na habari yoyote. Aliuliza kama nimekula, akasema yeye mzima, kisha akasema ova, yaani nimemaliza, zamu yako, kwa nguvu kuliko maneno mengine yote, kwa sababu alilipenda sana neno hilo.

Basi ukaja mfumo mpya. Fundi kutoka Mwanza aliuleta na rundo la disketi, akaushindilia ndani ya kompyuta siku nzima, na jioni kioo kikawa na picha za rangi na mausi ya kusukuma mezani. Alituita tuone. Alisema mfumo huu unajitegemea: barua ikishaandikwa, kompyuta inaamka yenyewe, inaita Dar, inatuma, inapokea, inalala. Opereta sasa apumzike, alisema, akicheka, nami nikacheka naye kwa meno tu. Redio ikafungiwa ndani ya kabati la bati ili isile vumbi, na maiki ikaingia humo humo. Spika ikachomolewa, maana wajiolojia walikuwa wamechoshwa na mlio. Ufunguo wa kabati ukaingia mfukoni kwa meneja, mtu wa makamo aliyepiga pasi suruali zake hata porini, na mimi nikahamishiwa kwenye meza ya kuchapa barua.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Barua ilianza kwenda vizuri, mstari mdogo wa bluu ukajijaza kwenye kioo, ukafika nusu, ukasimama. Kisha maneno: mawasiliano yamekatika. Kompyuta ikajaribu tena, ikakatika tena. Maagizo ya wapi pa kuchoronga yalitoka Dar kwa njia hiyo, kwa hiyo mashine ya kuchoronga ikawa inasimama asubuhi nzima, na wachorongaji wakalala chini ya lori na kofia usoni. Jioni mambo yalikuwa nafuu kidogo. Ila Jumapili, barua zote zilizokwama ziliingia na kutoka bila kikwazo chochote.

Na Jumapili ndiyo siku yangu ya mapumziko. Alfajiri nilidandia gari la kambi kwenda kusali Geita mjini, nikarudi jua linazama. Kumbe wakati mimi nasali, meneja alikuwa anajumlisha. Aliona mtu aliyenyang'anywa kazi na mashine, akaona mashine inaugua siku mtu huyo akiwepo na kupona akiondoka. Akahitimisha kwamba nalegeza waya wa antena.

Kwamba nilikuwa na kinyongo na mashine ile, sikatai. Niliichukia wazi wazi, na nilishaiita majina jikoni mbele ya watu. Lakini kuigusa sikuigusa. Nilimwambia hivyo meneja, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka kwenye choo cha nje. Yeye hakupandisha sauti. Alisema fundi anarudi kesho. Akikuta ubovu kwenye vyombo, ataniomba radhi, na akikuta vyombo vizima, nifunge virago. Mpaka hapo nisikaribie nguzo ya antena.

Nilirudi kwenye kibanda changu nikakaa kitandani. Ndipo nilipoona vizuri nilivyobanwa. Ikishindikana kupona, mimi ni mhujumu. Ikipona, opereta wa nini tena? Nilitafuta njia ya tatu, sikuiona, na nilishangaa jinsi mtu anavyoweza kumaliza miaka yake ya kazi akiwa amekaa tu kitandani bila kufanya kosa.

Fundi alifika na begi lake la zana. Alikuwa mtu mpole, na kabla ya kugusa kitu aliniuliza mimi kwanza inakatika vipi, nikamweleza, meneja akiwa amesimama pembeni ameweka mikono nyuma. Alianza na antena. Aliteremsha waya, akaukagua wote kwa vidole, akabadilisha kebo inayoshuka ndani na viungio vyake. Kompyuta ikajaribu, ikakatika. Akaenda kwenye betri za sola, akasafisha ncha zake zilizoota ukungu mweupe, akapima umeme. Ikakatika. Akabadilisha kisanduku cha mlio kwa kingine alichokuja nacho. Ikafika mbali kidogo, moyo ukanipanda, ikakatika.

Hapo akaulaumu mfumo mwenyewe. Akaufuta wote na kuushindilia upya, disketi moja baada ya nyingine, na sisi tukakaa tunaangalia mstari ukijaza kioo kana kwamba tunasubiri ubwabwa uive. Asubuhi iliyofuata kila kitu kilikuwa kipya kama kilivyotoka Mwanza. Barua ya kwanza ikaanza kwenda, ikafika nusu, ikakatika.

Fundi alivua miwani akaifuta kwa shati. "Mzee, vyombo ni vizima," alimwambia meneja. "Siwezi kukudanganya."

Meneja alinigeukia. Nikawa nahesabu kichwani ni nani Shinyanga anaweza kunipa kazi nikienda na jina la mhujumu. Nilitaka kulia na nikakataa kulia mbele ya suruali iliyopigwa pasi.

Lakini fundi alikuwa hajamaliza. Alisema kuna kitu kimoja hajakifanya, nacho ni kuisikiliza hewa yenyewe. Tangu mfumo mpya uingie hakuna mtu aliyesikia kinachopita kwenye chaneli, kwa sababu spika ilitolewa, na ile iliyotolewa haikujulikana iliko. Akaenda jikoni akaing'oa spika ya redio kaseti, mpishi akilalamika kwamba ameachwa katikati ya muziki wa dansi. Meneja akafungua kabati. Fundi akaunganisha nyaya mbili kwa vidole, akasema haya, tuiache iite.

Tukasimama watatu mbele ya kabati. Kompyuta iliamka. Paka wakaanza kugombana ndani ya debe, kwa nguvu, kisha wakanyamaza, maana mashine ikishatuma kidogo hunyamaza kusubiri Dar ijibu imepata. Dar ni mbali, na jibu lake huja kwa mlio mwembamba wa kubahatisha.

Katika kimya kile haukuja mlio. Alikuja mtu, sauti nzito, ya karibu, ikaijaza spika mpaka ikatetemeka.

"Kambi, kambi, hapa Ushirombo. Mayu, nakupata vibaya sana. Rudia. Ova."

Nilipigwa na butwaa. Nasema hivyo kwa sababu sijui neno jingine. Nilisikia, nikaitambua sauti, na bado kichwa kilikataa. Kompyuta haikujali, ikapiga mlio wake tena. Ikanyamaza. Na yeye, mtu mwenye adabu, aliyefundishwa kwamba mwenzako akiongea unamsubiri amalize, alikuwa amesubiri. Akaingia palepale mlio ulipokoma, palepale ambapo Dar nayo ilikuwa inajaribu kujibu.

"Pole mayu. Sema taratibu. Usihangaike, mimi nipo. Ova."

Kwenye kioo, mstari ukasimama. Mawasiliano yamekatika.

Fundi alikuwa ameinua mkono hewani akausahau huko. Meneja alitazama spika, akanitazama mimi, akaitazama tena spika. Akauliza huyo ni nani. Nilijua nikisema nitakuwa nimejimaliza, maana hapo kuhujumu hakutakuwa kwangu peke yangu, kutakuwa kwa ukoo. Lakini ningewezaje kusema simjui?

"Baba yangu," nilisema.

Meneja alikaa kwenye kiti. Akasema lile nililoliogopa: kwa hiyo mmepanga. Fundi ndiye aliyenikinga. Alimwonyesha kwa mkono, huku akieleza taratibu, kwamba Ushirombo iko karibu na Dar iko mbali, na mtu wa karibu akiongea wakati wa jibu, jibu linafunikwa. Mzee huyu hakujua. Mtu anayehujumu angeongea mlio ukiendelea. Huyu anasubiri zamu yake. Jumapili, fundi akauliza, huyu mzee anakuwa wapi? Nikasema anakuwa misa, na zahanati inafungwa. Fundi akamtazama meneja.

Meneja alitoa maiki kabatini akanipa. Sikuwa nimeishika tangu mfumo mpya uingie.

Niliomba hewa. Nilisalimia stesheni zote, na kabla sijafika kwa baba, mwenye malori aliruka hewani kwa furaha: mama, umepona? Akasema walikuwa wameambiwa redio yangu imekufa sauti imebaki mlio, na mzee wa Ushirombo amewaomba wote wasiongee asubuhi ili aweze kunisikia vizuri. Mtu wa kiwanda cha pamba naye akasema pole sana, walikuwa wananyamaza. Wiki zote zile nilikuwa nadhani niko peke yangu na kioo cha rangi, kumbe chaneli nzima ilikuwa imekaa kimya kwa ajili yangu, ikimwachia baba nafasi ya kuniharibia.

"Shikamoo baba," nilisema. "Ova."

"Marahaba, mayu. Leo nakupata wazi. Nilikuwa nakuitikia kila siku. Hewa huombi, unakuja mlio tu, nikajua redio yako imeharibika, na mabosi wakiona huitikiwi watasema huwezi kazi. Nikaona bora wasikie kuna mtu anakujibu. Ova."

Fundi aligeuka akaanza kupanga zana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mimi nilibaki na maiki mkononi. Nilikuwa nimeshtuka kuliko siku ya kikombe cha chai. Mtu aliyekaribia kunifukuzisha kazi alikuwa anafanya hivyo kila asubuhi, kwa bidii, ili nisifukuzwe.

Nilimwambia ukweli. "Baba, ule mlio siyo mimi. Ni mashine, inapeleka barua yenyewe. Mtu akiongea inakatika. Ukiusikia, usijibu. Ova."

Alipobonyeza maiki, nilisikia kiti kikilia kwanza.

"Haikuwa wewe."

"Hapana, baba."

"Na mimi nikiongea, nakuharibia."

Hakusema ova, nami sikumkumbusha. Nilisema ndiyo, kidogo, ila hakuna neno, hukujua. Akauliza basi asijibu kabisa? Meneja alikuwa ananitazama, barua zilikuwa zimekwama, na nilitaka jambo liishe. Nikasema kabisa, baba. Akasema amenipata.

Kompyuta iliita tena, na barua zote zikaenda, moja baada ya nyingine, bila kukwama.

Meneja aliniomba radhi, tena mbele ya fundi na mpishi, na sikutegemea. Fundi akaubadilisha mpangilio ili kompyuta isiamke yenyewe, kwa sababu, alisema, hata mzee akinyamaza, kesho atakuwa dereva wa lori. Lazima awepo mtu wa kuomba hewa kwanza. Kwa hiyo spika ikarudi, ufunguo nikapewa mimi, na uopereta wangu ukabaki. Jioni ile niliandika barua kwa wanangu, nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Asubuhi nilishika maiki nikaomba hewa. Mwenye malori akamtaja paka wangu. Kiwanda kikaitikia. Sista wa Ushirombo akasema amenipata. Nikabonyeza, barua zikaenda zote mpaka mwisho. Nilipomaliza sikufunga. Nilimwomba sista nizungumze na baba.

Spika ilinguruma tupu kwa muda. Kisha sista akarudi. Alisema baba yupo, amekaa kwenye kiti chake, amempa maiki naye ameirudisha mezani. Anasema ameambiwa asijibu kabisa.

Nilimwomba sista amweleze kwamba barua zimeshakwenda. Sasa hivi ni mimi naongea, siyo mashine, na hawezi kuharibu chochote. Nilisikia sista akilirudia hilo mbali na maiki, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale.

"Anasema anajua ni wewe," sista alisema. "Anasema hataki kukuponza tena. Wewe ongea tu, yeye anasikiliza."

Nikaongea. Nilimwambia mvua imenyesha huku, nimekula viazi na chai ya maziwa, watoto wamefaulu mtihani wa muhula, meneja ameniomba radhi na kazi ninayo. Hakuna stesheni iliyoingilia. Nilipoishiwa maneno nikasema ova, nikaiachia maiki na kusubiri.